Je, daktari anayemsaidia mgonjwa kufa kwa ombi lake hupata usingizi usiku?

Wanafunzi wa uuguzi wanaopita kwenye timu yetu ya tiba shufaa (huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona) hapa Moshi huniuliza mimi daktari swali hilo kila wakisikia habari za Kanada au Uholanzi. Wengine huuliza kwa hasira, maana wamelelewa kanisani na wanajua mwenye uhai ni Mungu. Wengine hunong'ona.

Sheria kwanza, kwa kifupi. Kwetu, kumsaidia mtu kujiua ni kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Uholanzi na Ubelgiji waliruhusu mwaka 2002, Kanada 2016. Jimbo la Oregon, Marekani, limeruhusu tangu 1997, ila huko daktari huandika dawa tu na mgonjwa akainywa mwenyewe, mara nyingi daktari hayupo hata karibu. Kanada karibu wote huchomwa dawa kwa sindano na mtaalamu wa afya. Mimi naona hapo pana umbali mkubwa: kuandika dawa si sawa na kushika bomba la sindano.

Wenzetu wa huko waliohojiwa na watafiti hawasemi kitu kimoja. Wapo wanaosema walitoka na amani, kwamba familia iliwakumbatia na kuwashukuru kuliko walivyowahi kushukuriwa kwa lolote. Wapo waliofanya mara moja wakaacha. Na wapo walio na hali zote mbili kwa siku moja.

Kinachowalemea wengi ni miadi. Sisi kifo hutukuta kazini. Wao wamekiandika kwenye kalenda, Jumanne saa nne asubuhi, na Jumatatu usiku wanajigeuza kitandani. Kabla ya kuanza, kwa kawaida humuuliza mgonjwa tena: bado unataka? Mtu alikuwa anataniana na wanawe, baada ya dakika chache kimya. Yale masaa ya pumzi kubadilika, ambayo humwandaa muuguzi sawa na ndugu, hayapo. Uholanzi daktari hata haondoki: anampigia mkaguzi wa vifo wa manispaa, anamsubiri palepale nyumbani kwa marehemu, kisha kamati inapitia kama alifuata sheria. Hebu fikiria kukaa sebuleni na wafiwa, unapewa kahawa, huku faili lako linaenda kuchunguzwa.

Wanaosahaulika ni muuguzi aliyeweka kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa kwenye mshipa, na mfamasia aliyeandaa dawa. Hao hawakuketi na mgonjwa kusikia kwa nini ameamua. Wamepewa kipande cha kazi bila kisa chake.

Huku kwetu ombi hutufikia pia. Mzee mmoja wa Kibosho, saratani ya tezi dume imefika kwenye mifupa, aliniambia, "Mwanangu, ninyi hamna sindano ya kunipumzisha?" Mkewe akajifanya anapanga vikombe. Sikukimbilia sheria. Nikamuuliza, "Baba, kinachokutesa zaidi ni nini?" Maumivu ya usiku, akasema. Halafu, baada ya kitambo: vijana wameuza ng'ombe kwa ajili yake. Tukampa mofini, dawa kali ya maumivu, ya maji kila baada ya saa nne, ya kulalia mara mbili ya kawaida, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Maumivu tuliyaweza. Ng'ombe hatukuweza kumrudisha, na mzee alirudia ombi lake.

Ndiyo maana siungi mkono wenzangu wanaodai kwamba tiba shufaa nzuri humaliza maombi yote. Taarifa za Oregon zenyewe zinaonyesha sababu inayotajwa zaidi si maumivu, ni mtu kupoteza uwezo wa kujiamulia mambo yake. Hilo halina dawa ya chupa.

Mwaka 1984 mwanafalsafa wa Marekani Andrew Jameton aliueleza msongo wa kimaadili wa wauguzi: unajua linalopasa, lakini mahali pa kazi panakuzuia kulifanya. Kwetu kila wiki tunakutana na jirani yake: hofu ya mofini. Muuguzi kijana anatoa dozi saa nane usiku, saa tisa mgonjwa anafariki, na ndugu anasema, "Ni ile dawa." Basi muuguzi anaamini ameua. Ukweli ni kwamba dozi ilipandishwa taratibu kwa siku kadhaa, na mgonjwa alikuwa amekwisha acha kula na kunywa. Anayetumia mofini hadi mwisho lazima atakuwa na dozi ya mwisho, na lazima itatoka mkononi mwa mtu.

Kwa hiyo kabla ya zamu ya usiku naandika kwenye faili, kwa jina langu na sahihi: mgonjwa yuko ukingoni, mofini iendelee, ndugu wameelezwa. Na ndugu nawaeleza kweli, muuguzi akiwepo, wamsikie daktari mwenyewe. Akifariki, asubuhi namtafuta muuguzi huyo kabla hajakabidhi zamu, tukae dakika kumi. Wodi ikijaa, hizo dakika kumi ndizo za kwanza kukatwa, na hapo hugombana na uongozi.