"Promota amekula!" Na mengine tunayoyasema Malindi shoo ikiisha

Kila shoo ikiisha Malindi, kijiweni maneno ni yale yale: promota amekula, bendi imerudi na nauli. Mimi nimebeba spika, nimekata tiketi mlangoni, na mara mbili nimejitia upromota. Mengi ya maneno hayo niliyasema mwenyewe kabla sijashika daftari la hesabu.

"Pesa zote za mlangoni ni za promota"

Wako wanaokula, sikatai. Lakini chukua shoo ya mfano: kiingilio shilingi 500, watu 300, jumla 150,000. Mitambo na jenereta 55,000, ukumbi 20,000, vibali na walinzi 15,000, mabango, redio na gari la matangazo 20,000. Hapo 110,000 zimekwenda na mpiga gitaa hajaona hata senti. Zimebaki 40,000. Wakiwa wamekubaliana bendi ichukue asilimia 70, wanamuziki saba watapata 4,000 kila mmoja, promota 12,000. Na hapo tumechukulia kuwa kila aliyeingia amelipa. Wakipita 60 kwa "mimi ni mtu wa fulani", 30,000 zimeyeyuka, zimebaki 10,000 za kugawana. Anayeuliza kwa sauti kubwa pesa zimekwenda wapi, mara nyingi ni mmoja wa hao 60.

Ndiyo maana naiambia bendi changa ikubaliane kiasi maalumu. Mvua ikinyesha, hasara ni ya promota. Kwa asilimia ya mlango, mnaloa wote. Na mkikubali asilimia, wekeni mtu wenu mlangoni ahesabu tiketi.

"Kufungua shoo ya msanii mkubwa ni malipo tosha, mtajulikana"

Hapa ndipo ninapogombana na promota. Kujulikana na nani? Bendi ya hapa inapandishwa jukwaani saa moja jioni, na Malindi watu hutoka nyumbani baada ya isha, wakishakula. Uwanja unaanza kujaa saa tatu. Bendi imevipigia viti.

Halafu kuna kupima sauti. Huko mambo huenda kinyumenyume: anayepiga mwisho hupima kwanza, anayefungua hupima mwisho, ili vyombo vyake vibaki vimepangwa tayari. Utaratibu wenyewe ni mzuri. Sasa msanii wa Nairobi au wa Dar akichelewa njiani, dakika zinazoliwa ni za nani? Bendi moja niliyokuwa nikiibebea vyombo ilipanda bila kupima hata maiki. Ngoma zilisikika, mwimbaji hakusikika hadi wimbo wa tatu. Watu wakasema bendi mbovu, na kweli ikajulikana hivyo.

Simlaumu promota kwa kuleta jina kubwa. Ndilo linalouza tiketi. Lakini akisema anainua bendi za hapa, mimi namuuliza: nusu ya malipo umetoa kabla ya siku yenyewe? Wana dakika 20 za kupima? Wanapiga saa ngapi? Majina yao bangoni yanasomeka bila miwani?

"Ukipiga nyimbo zako mwenyewe, hakuna leseni"

Mtunzi aliyejiunga na chama cha kukusanya mirabaha amekikabidhi haki ya kutoa leseni ya nyimbo zake kupigwa hadharani, kwa hiyo mwandalizi hulipia hata kama mtunzi mwenyewe ndiye anayeimba. Na didjei akijaza mapumziko, zile ni rekodi, zina wenyewe. Kibali cha kelele, chini ya kanuni za mwaka 2009, ni suala jingine tena.

"Bendi ya hoteli si bendi"

Them Mushrooms walipiga sana kwenye hoteli za Pwani kabla jina lao halijavuka bahari. Hoteli ni mshahara na mazoezi ya kila jioni. Ubaya wake ni msimu: masika yakiingia, Aprili hadi Juni, hoteli nyingi za Malindi hufunga au hupunguza watu, na wanamuziki hubaki vibarazani. Ramadhani nayo hakuna shoo, kisha Idi kila promota anataka bendi ile ile usiku ule ule. Ninayemheshimu ni yule anayepiga simu mwezi wa tano.

"Kupeleka bendi Lamu ni kuongeza nauli tu"

Hadi Mokowe, gati la upande wa bara, ni zaidi ya kilomita 200. Kutoka hapo ni boti, na gatini spika zinapanda mkokoteni au zinafuata punda, kwani lori halipiti vichochoroni. Watu walale, wale, na adhana ikiita muziki unyamaze. Ratiba isiyohesabu sala imekufa kabla haijaanza.

Lakini Lamu huenda promota hahitajiki. Tarabu imelishwa na harusi. Zein l'Abdin, mzaliwa wa huko, aliupiga udi harusini miaka na miaka. Tulipoitwa sisi, mama wa bibi harusi alituma nusu ya pesa kwa M-Pesa kabla hatujatoka Malindi, akauliza tuko wangapi ili apikishe. Nusu ya pili tuliikuta kwenye bahasha, mbali na tuzo alizomwagiwa mwimbaji. Sikumbuki promota aliyewahi kuniuliza tutakula nini.