Majaji wa simulizi za picha hutazama nini? Dhana potofu na ukweli wake

Kila mwaka matokeo ya World Press Photo, shindano la kimataifa la picha za habari, yakitangazwa kutoka Amsterdam, makundi ya WhatsApp ya wapigapicha wetu huwaka moto. Huyu kashindaje? Mbona picha zangu ni kali kuliko zake? Majibu mengi yanayotolewa humo ni uvumi, na uvumi huo unawakatisha tamaa vijana wenye vipaji ambao wangepaswa kushiriki. Simulizi ya picha, yaani picha kadhaa zinazoeleza habari moja, haihukumiwi kama picha moja. World Press Photo lipo tangu 1955 na kanuni zake ziko wazi, kwa hiyo nitalirejea zaidi kuliko mengine.

Dhana: Ukipanga picha kumi kali, umepata simulizi kali.

Hii ndiyo inayoangusha wengi. Katika World Press Photo kundi la simulizi haliruhusu zaidi ya picha 10, na watu huichukua hiyo 10 kama idadi ya lazima kujazwa.

Chukua mnada wa samaki pale Feri, Dar es Salaam. Mpigapicha amempata dalali kanyanyua changu juu, mdomo wazi, wanunuzi wamemzunguka, jua la asubuhi linampiga ubavuni. Picha nzuri mno. Tatizo ni kwamba anazo nne za aina hiyo, zote anazipenda, na zote kaziweka. Jaji akiiona ya kwanza ameelewa. Ya pili haimpi jipya, ya tatu inamchosha, na ya nne inamwonyesha kuwa mwenye kazi hakujua aache ipi. Huku nyuma, kwenye kompyuta, imebaki picha ya mama anayekaanga samaki: ameketi pembeni ya ndoo anahesabu noti zilizolowa, magamba yamemganda vidoleni. Peke yake picha hiyo haishindi popote, mwanga wake ni wa kawaida tu. Lakini ndani ya simulizi ndiyo pekee inayosema mnada ule una maana gani kwa mtu anayeishi kwa ndoo moja ya samaki. Mimi ningetoa madalali watatu nikamwingiza huyu mama bila kusita.

Swali ambalo jaji hujiuliza kila anapofika kwenye picha mpya ni hili: inaongeza nini ambacho zilizotangulia hazijasema? Ikikosa jibu, inaidhoofisha kazi yote. Nazi mbovu harabu ya nzima. Simulizi ya picha saba zisizorudiana huishinda ya kumi yenye marudio.

Anayetaka kujionea afuatilie Pictures of the Year, shindano lililozaliwa Missouri, Marekani, mwaka 1944. Wao huhukumu hadharani. Raundi za mwanzo ni za haraka, ndani au nje, sekunde chache tu. Kwa hiyo picha ya ufunguzi ina kazi kubwa: ikiwa haisemi tuko wapi na tunamfuata nani, huenda zile nzuri za katikati zisipate mtetezi.

Dhana: Bila vita, njaa au maiti hushindi.

Mwaka 2024 tuzo ya simulizi bora ya mwaka ya World Press Photo ilikwenda kwa Lee-Ann Olwage wa Afrika Kusini. Alimfuata mzee wa miaka 91 huko Madagascar anayeishi na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na binti yake anayemtunza. Picha inayokumbukwa zaidi ni ya mzee huyo na mjukuu wake wakijiandaa kwenda kanisani. Hakuna damu wala moshi. Kuna familia inayotimiza wajibu wake, jambo ambalo kila nyumba ya pwani na bara inalijua. Ndiyo, vita hushinda mara nyingi, kwa kuwa ni habari nzito. Lakini uchungu wa tukio haumpi mpigapicha alama za bure, na mtu aliyepigwa picha katika hali ya kudhalilika bila sababu ya kihabari ni jambo linaloweza kuwafanya majaji waiweke kazi kando.

Dhana: Majaji huangalia jina na shirika.

Kwenye World Press Photo majaji hawaoni jina la mpigapicha wanapopiga kura. Na kushiriki ni bure.

Dhana: Maelezo ya picha ni pambo, kinachohukumiwa ni picha.

Hapa naomba tukae kidogo. Mwaka 2015 Giovanni Troilo wa Italia alishinda nafasi ya kwanza katika kundi la simulizi za masuala ya kisasa kwa picha kumi kuhusu mji wa Charleroi, Ubelgiji, alioupaka rangi ya giza na kukata tamaa. Meya wa mji alilalamika kwamba kazi ile imeupotosha. Waandaaji walichunguza, na mwanzoni tuzo ikabaki. Kisha ikabainika kuwa picha moja, ya mchoraji akiwa kazini na watu waliomkalia ili awachore, haikupigwa Charleroi hata kidogo. Ilipigwa Molenbeek, Brussels. Machi mwaka uleule tuzo ikafutwa.

Tazama uzito wake: picha moja kati ya kumi, kosa la mahali, na simulizi nzima ikaenda na maji. Nadhani uamuzi ulikuwa wa haki. Mtazamaji hana njia ya kujua kuwa chumba kile kiko mji mwingine, anamwamini aliyekuwepo. Kwenye maelezo ya picha andika nani, wapi, lini, nini kinatokea, na kama ulimwomba mtu akae mkao fulani, sema.

Dhana: Kufuta kitu kidogo si kosa, mradi hakibadilishi maana.

Mwaka 2010 Stepan Rudik wa Ukraine alinyang'anywa nafasi ya tatu katika simulizi za michezo. Kazi yake ilihusu mapigano ya mitaani Kyiv. Picha moja ilikuwa ya mkono unaofungwa bendeji, na yeye aliifuta sehemu ya mguu wa mtu iliyojitokeza nyuma. Alikuwa pia ameikata picha sana na kuigeuza nyeusi na nyeupe, lakini hayo hayakuwa tatizo. Kukata pembeni kunaruhusiwa. Kuondoa au kuongeza kitu ndani ya fremu hakuruhusiwi. Zinazofika hatua za mwisho hudaiwa faili ghafi kutoka kwenye kamera, na wataalamu huzilinganisha moja moja. Mwaka 2015 takriban asilimia 20 ya picha zilizofika raundi ya kuelekea mwisho ziliondolewa kwa sababu za aina hii. Hifadhi faili zako ghafi. Usizifute ili kupata nafasi kwenye diski.

Picha zilizotengenezwa kwa akili unde (AI)? Haziruhusiwi, hilo lisikupotezee muda.

Dhana: Kanda ya Afrika ni ya Waafrika tu, kwa hiyo ushindani ni mwepesi.

Tangu shindano la 2022 World Press Photo huhukumu kwa kanda: majaji wa kila kanda huchuja kwanza, kisha jopo la dunia huchagua washindi wa jumla. Mfumo huo uliletwa kwa sababu washiriki na washindi wa miaka mingi walitoka zaidi Ulaya na Amerika Kaskazini. Lakini kanda hufuata mahali picha ilipopigwa, si pasipoti ya mpigapicha. Luis Tato aliyeshinda kanda ya Afrika mwaka 2025 kwa simulizi ya maandamano ya vijana wa Kenya ya 2024 ni Mhispania anayeishi Nairobi. Mpigapicha wa Mwanza, Goma au Mombasa anashindana na yeyote aliyefanya kazi barani humu. Faida yake ni kwamba anaweza kurudi kwa yule mama wa samaki wiki ijayo, na mwezi ujao, akazungumza naye kwa lugha yake mpaka apate ile picha inayokosekana.