Augustus hakuiba siku ya Februari

Kila ikikaribia tarehe 28 Februari najua ujumbe utakaoingia kwenye simu yangu. Eti Februari ilikuwa na siku zake za kutosha, mpaka Augustus, mtawala wa Roma, alipoona mwezi wa Julius Caesar (Julai) una siku 31 na wake (Agosti) 30, akaona wivu, akaipokonya Februari siku moja. Wanafunzi wangu wa Kilatini huja nayo darasani, mapadri hunisimulia mezani, na mwaka huu nimeambiwa na mwalimu mwenzangu wa historia. Wa historia!

Kisa hicho ni cha Sacrobosco, mwanazuoni wa karne ya 13. Augustus alikuwa na miaka kama 1,200 kaburini. Tena cha kumkanusha kipo, na kimechorwa ukutani: huko Anzio, kusini mwa Roma, ilifukuliwa kalenda ya kabla Caesar hajagusa chochote. Februari ina siku 28. Sextilis, ndiyo Agosti ya leo, ina 29. Aliyeiongezea siku mbili ni Caesar mwenyewe, katika kalenda yake iliyoanza kutumika mwaka 45 KK. Mwaka 8 KK Seneti ilimpa Augustus jina tu, kwa kuwa ndio mwezi aliouteka mji wa Alexandria. Siku 31 alizikuta.

Sasa kwa nini 28? Warumi hawakuzipenda namba shufwa. Katika kalenda waliyosema ni ya mfalme Numa, miezi ilikuwa na siku 29 au 31, zote witiri. Lakini chukua namba witiri 12 uzijumlishe: jibu ni shufwa daima. Ili mwaka uwe na siku 355, lazima mwezi mmoja ubebe nuksi, na wakaubebesha ule ambao tayari ulikuwa wa wafu na wa kujitakasa.

Jina lenyewe linasema hivyo. *Februa* ni vitu vya kutakasia: mshairi wa Kirumi Ovid anataja sufu, nafaka iliyokaangwa pamoja na chumvi, na kijiti cha msonobari alichoona kwa macho yake kikipewa mke wa kuhani. Kuanzia tarehe 13 hadi 21 watu walipeleka vyakula makaburini kwa wazee wao. Tarehe 15, kwenye sikukuu ya Lupercalia, vijana wawili walipakwa damu ya kafara kwenye paji la uso, ikafutwa kwa sufu iliyochovywa katika maziwa, na hapo walitakiwa wacheke. Kwa nini wacheke? Wataalamu wanabishana mpaka leo. Yule mungu Februus, ambaye wengine husema ndiye aliyeupa mwezi jina, anatokea kwa waandishi wa baadaye; mkitaka asili ya mwezi huu, acheni kutafuta mungu, tafuteni ufagio.

Na ile bahati nasibu, eti vijana wa Roma waliokota majina ya wasichana, inayodaiwa kuzaa Siku ya Wapendanao? Hakuna Mrumi aliyeiandika.

Na Septemba, ambayo kwa Kilatini jina lake ni “ya saba” lakini inakaa nafasi ya tisa? Caesar na Augustus hawakupachika miezi miwili katikati. Quintilis (Julai ya leo) na Sextilis zilikuwepo, zikabadilishwa majina. Watu wa pwani msiniulize hili kabisa. Kwa majina ya miezi ya Kiswahili, Mfunguo Nne ndio Muharamu, mwezi wa kwanza wa mwaka wa Hijria, na hakuna anayemtafuta mwizi wa miezi mitatu, kwa sababu kila mtu anajua hesabu inaanza Ramadhani ikiisha. Ya Warumi ilianzia Machi.