Ubikira wa Daima wa Maria: Maana Yake na Kiini cha Tofauti za Wakristo

Ubikira wa daima ni fundisho lisemalo kwamba Maria, mama yake Yesu, alikuwa bikira kabla ya kumzaa Mwanawe, wakati wa kumzaa, na baada ya kumzaa hadi mwisho wa maisha yake hapa duniani. Mkatoliki hulitamka kwenye Misa, katika sala ya kuungama isemayo "nakuomba Maria mwenye heri, Bikira daima". Mwothodoksi huliona katika picha takatifu za kanisa lake, ambamo ushungi wa Maria huchorwa nyota tatu, moja juu ya paji la uso na mbili mabegani, na kwa kawaida nyota hizo huelezwa kuwa ni alama ya vipindi hivyo vitatu. Wapentekoste walio wengi, pamoja na Waprotestanti wengi wa siku hizi, husema kwamba Maria aliishi na Yosefu kama mke na mume baada ya Yesu kuzaliwa, na kwamba walipata watoto wengine.

Fundisho hili lisichanganywe na mengine mawili yaliyo jirani nalo. Kwamba Yesu alichukuliwa mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu, bila baba wa kibinadamu, ni jambo wanalolikiri Wakatoliki, Waothodoksi na Waprotestanti walio wengi, kwa kuwa Mathayo na Luka wameliandika waziwazi. Nalo fundisho la kukingiwa dhambi ya asili, lililotangazwa na Papa Pius IX mwaka 1854, halihusu mimba ya Yesu hata kidogo: linamhusu Maria mwenyewe tangu alipotungwa katika tumbo la mama yake. Ugomvi tunaouzungumzia hapa unahusu nyumba ya Nazareti baada ya Bethlehemu.

Chanzo chake ni aya chache. Watu wa Nazareti, katika Marko 6:3, wanauliza kama Yesu si yule seremala, mwana wa Mariamu, ndugu yao Yakobo, Yose, Yuda na Simoni, na kama maumbu yake, yaani dada zake, hawapo hapo kwao. Paulo naye, katika Wagalatia 1:19, anasema alimwona Yakobo, ndugu yake Bwana. Hakuna Mkristo anayekana kwamba watu hao walikuwapo. Yakobo aliongoza kanisa la Yerusalemu, na mwanahistoria Myahudi Yosefo ameandika habari za kuuawa kwake. Linaloulizwa ni walikuwa nani kwake Yesu.

Jibu moja la zamani limo katika kitabu cha karne ya 2 kiitwacho Injili ya Yakobo, ambacho hakimo katika Biblia. Kitabu hicho kinamwonyesha Yosefu kuwa mjane mzee aliyekuwa tayari na watoto alipokabidhiwa Maria, na kwa hiyo wale ndugu ni watoto wa Yosefu. Epiphanius, askofu wa Salamis katika kisiwa cha Kipro, alilitetea jibu hilo katika karne ya 4, na Waothodoksi wanalishika hadi leo.

Mwishoni mwa karne hiyo, mjini Roma, mtu aitwaye Helvidius aliandika kwamba ndugu hao walikuwa watoto wa Maria na Yosefu, akimtaja Tertullian wa Carthage, mwandishi Mkristo wa zamani, kuwa miongoni mwa mashahidi wake. Yeronimo, mtaalamu wa Biblia na mfasiri wake kwa Kilatini, alimjibu kwa ukali karibu na mwaka 383. Kuhusu Tertullian alisema tu kwamba hakuwa mtu wa Kanisa, kisha akaleta jibu jipya: ndugu hao ni watoto wa dada yake Maria. Alionyesha kwamba katika Marko 15:40 yupo Maria mwingine karibu na msalaba, mama wa Yakobo na Yose, majina yaleyale yaliyotajwa Nazareti. Tena Abramu na Lutu, waliokuwa mtu na mwana wa nduguye, wanaitwa ndugu katika Mwanzo 13:8. Jibu hili halimpi shida msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa nasi mtoto wa mama mdogo ni ndugu.

Kwa maoni yangu, katika mabishano haya hoja zinazopigiwa kelele zaidi ndizo dhaifu zaidi. Watu hulishika neno la Mathayo 1:25, kwamba Yosefu hakumjua Maria "hata alipomzaa mwanawe", kana kwamba linathibitisha kuwa baadaye alimjua. Lakini 2 Samweli 6:23 inasema Mikali binti Sauli hakuwa na mtoto hata siku ya kufa kwake, na hakuna anayedhani kwamba alizaa kaburini. Vivyo hivyo kwa jina la kifungua mimba katika Luka 2:7: kwa Torati, mzaliwa wa kwanza alikombolewa tangu umri wa mwezi mmoja, kwa shekeli tano, kabla ya mtu yeyote kujua kama atazaliwa wa pili.

Lakini jibu la Yeronimo nalo lina ufa. Yeye alimhesabu Yakobo huyo kuwa mmoja wa wale Thenashara, ilhali Yohana 7:5 inasema kwamba hata ndugu za Yesu hawakumwamini. Tena ndugu hao wanaonekana wakifuatana na Maria mwenyewe, kama katika Mathayo 12:46, jambo linalowafaa zaidi watoto wa nyumbani, wawe wa kuzaliwa na Maria au wa Yosefu. Hoja yenye nguvu kwa upande wa ubikira wa daima ni ile ya Yohana 19:26-27, ambapo Yesu akiwa msalabani anamkabidhi mama yake kwa mwanafunzi, naye akamchukua nyumbani kwake. Kama Maria alikuwa na wana wengine wanne walio hai, kwa nini atunzwe na mtu wa nje? Wanaokataa hujibu kwamba wana hao walikuwa bado hawajaamini. Jibu hilo linawezekana, ingawa halimalizi swali, kwa kuwa baada ya muda mfupi tu, katika Matendo 1:14, ndugu hao wako pamoja na Maria katika kusali.

Wengi watashangaa kusikia kwamba wakuu wa Matengenezo, yaani harakati za karne ya 16 zilizoanzisha Uprotestanti, hawakumfuata Helvidius. Martin Luther aliamini ubikira wa daima, Zwingli aliutetea, na Calvin alimlaumu Helvidius kwa kuzisoma aya hizo kijinga, ingawa hakutaka watu wabishane juu ya jambo ambalo Maandiko hayakulisema. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, aliukiri katika barua yake kwa Mkatoliki ya mwaka 1749. Kwa hiyo si kweli kwamba fundisho hili ndilo lililowatenga Waprotestanti na Roma tangu mwanzo.

Kinachowatenga ni uzito wa Mapokeo, yaani mafundisho yaliyopokezanwa katika Kanisa nje ya Maandiko. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 553 ulimwita Maria Bikira daima, na sinodi ya Laterano ya mwaka 649, chini ya Papa Martin I, ikalieleza fundisho hilo kwa kina. Kwa Mkatoliki na Mwothodoksi, imani iliyopokewa na Kanisa lote kwa karne nyingi hivyo inamfunga. Mprotestanti anaweza kulikubali, kama Wesley, lakini hawezi kumlazimisha mwenzake, kwa kuwa kwake yeye jambo lisilothibitishwa na Maandiko halidaiwi kwa mtu kama sharti la wokovu. Ndiyo maana katika makanisa ya Kianglikana na ya Kilutheri unaweza kuwakuta wanaoukiri ubikira wa daima na wasioukiri, nao wakapokea meza moja ya Bwana.