Siku 30: nani huhesabiwa kuwa amekufa kwa ajali ya barabarani

Mtu akigongwa na lori leo, akalazwa, kisha akafariki wiki tatu baadaye, walioko matangani hawana la kujadili: ajali ndiyo iliyomuua. Kwenye takwimu jambo hilo lina masharti. Kwa tafsiri ya kimataifa, ambayo Shirika la Afya Duniani huitumia linapolinganisha nchi, kifo cha ajali ya barabarani ni cha mtu aliyekufa papo hapo au ndani ya siku 30 tangu ajali, kwa sababu ya majeraha aliyoyapata humo. Akifa siku ya 31, chanzo ni kile kile, ila katika hesabu anabaki majeruhi.

Kwa nini 30? Lazima daftari lifungwe siku fulani. Wengi wanaokufa kwa ajali hufa siku hiyo hiyo au katika siku chache za mwanzo, na wanaobaki hupungua kadiri muda unavyosonga. Mwezi mmoja unawanasa karibu wote bila kumfanya mkusanya takwimu angoje mwaka mzima. Ni mpaka uliochorwa na watu, na kila mpaka una wanaoangukia upande wa pili.

Zamani kila nchi ilichora wake. Ufaransa ilihesabu siku sita hadi ilipohamia 30 mwaka 2005. Italia ilikuwa na siku saba, Hispania saa 24. Ili tarakimu hizo ziweze kukaa meza moja, wataalamu wa uchukuzi wa Ulaya waliweka vizidisho: hesabu ya saa 24 unaizidisha kwa 1.30, ya siku tatu kwa 1.15, ya siku saba kwa 1.08. Ukivitazama vizuri vizidisho hivyo vinakupa picha ya wodini. Kwa kila watu 100 waliokufa ndani ya saa 24, wengine 30 hivi walikufa baadaye, kabla mwezi haujaisha.

Sasa tuitoe kanuni hii kwenye karatasi tuipeleke barabarani. Anayetoka Nairobi kwenda Pwani akishapita mizani ya Mlolongo na Athi River anaingia kwenye mwendo mrefu wa A8, barabara kuu ya Mombasa: Salama, Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei. Miji midogo, soko kando ya lami, trela zimefuatana, boda boda zinakata barabara. Tuseme kijana wa boda boda amegongwa na trela karibu na Salama, saa moja jioni. Askari wa trafiki wanafika, wanapima barabara, wanaandika kwenye OB, yaani daftari la matukio la kituo cha polisi: mahali, saa, namba za magari, nani amekufa, nani ameumia vibaya, nani ameumia kidogo. Kijana bado anapumua. Basi anaandikwa ameumia vibaya. Anakimbizwa hospitali iliyo karibu, na kwa kuwa kichwa ndicho kilichoumia, anahamishiwa Nairobi. Siku ya tisa anafariki.

Hapo ndipo uzi unapoweza kukatika. Hospitali iko Nairobi, kituo kilichoandika ajali kiko Kaunti ya Makueni, na kwao marehemu pengine ni Kitui au Kakamega. Daktari anaandika jeraha la kichwa, mwili unakwenda mochari, familia inachukua kibali cha mazishi, harambee inafanywa, gari linaondoka usiku. Habari ikirudi hadi kituo cha kwanza, ule mstari wa OB hurekebishwa na kijana huhama safu. Isiporudi, ameumia vibaya, na ndivyo atakavyosomeka hata miaka kumi baadaye. Kanuni ya siku 30 inadhani kuna mtu anayemfuatilia majeruhi kwa siku zote 30. Kwenye barabara ya mashambani, ambako ajali hutokea kaunti moja na mgonjwa hufia nyingine, dhana hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana. Mjini afadhali kidogo; aliyegongwa kwenye barabara ya Outering, jijini Nairobi, mara nyingi hulazwa Nairobi hiyo hiyo.

Watu wengi hukimbilia hoja hii kueleza tofauti kubwa iliyopo kati ya hesabu za serikali na za Shirika la Afya Duniani. Kwa mwaka 2016 Kenya iliripoti vifo 2,965. Shirika lilikadiria 13,463. Hebu tupige hesabu. Hata tukichukulia kwamba polisi walihesabu waliokufa ndani ya saa 24 tu, bila kumfuata mgonjwa yeyote zaidi ya hapo, 2,965 mara 1.30 inatupa kama 3,855. Bado kuna pengo la zaidi ya 9,000. Kwa hiyo si siku 30 peke yake. Kuna ajali ambazo hazifiki polisi kabisa, kuna mtembea kwa miguu anayeokotwa alfajiri bila gari wala shahidi, na kuna jambo ambalo wenye kupenda kutangaza tarakimu kubwa hulisahau: 13,463 haikuhesabiwa mtu mmoja mmoja. Ni makadirio ya kimahesabu, yanayotumika kwa nchi ambazo usajili wake wa vifo haujakamilika. Ukweli uko mahali fulani juu ya tarakimu ya kwanza. Mimi sithubutu kutaja umbali, na humshuku anayethubutu.

Tafsiri ina sharti la pili ambalo halizungumzwi sana: lazima kuwe na gari linalokwenda, kwenye barabara ya umma. Jumamosi ya tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Watu wakaja na mitungi na ndoo kuchota petroli. Moto ukalipuka. Waliokufa walipita 100, na hesabu iliendelea kupanda kwa siku kadhaa, kwa kuwa wenye majeraha ya moto hufa pole pole wakiwa wodini. Je, hao wamekufa kwa ajali ya barabarani? Kwa tafsiri kali, lori lilipokwisha kulala ubavuni ajali ilikuwa imekwisha, na moto ni mkasa mwingine. Kwa tafsiri ya mtu wa Molo, swali lenyewe ni matusi. Mimi ningewaandika, lakini kwa safu yao wenyewe, maana kinga yake ni tofauti: kuyazuia magari yasigongane hakuwazuii watu kukaribia petroli iliyomwagika.

Ajali ya Londiani Junction, Kaunti ya Kericho, ya 30 Juni 2023 haina utata wa aina hiyo. Trela lilipoteza mwelekeo jioni, likavamia matatu, wachuuzi na wapita njia waliokuwa kando ya barabara. Wengi waliouawa hawakuwa safarini hata kidogo, walikuwa wakiuza na kununua. Wote wanahesabiwa, kwani gari lilikuwa linakwenda. Habari za usiku ule zilitaja watu 48. Baadaye ikawa zaidi ya 50. Tarakimu zote mbili zilikuwa sahihi kwa saa zilipotolewa, ingawa mitandaoni kulikuwa na watu walioona kupanda kwake kuwa ushahidi wa jambo linalofichwa.

Hilo linatufikisha kwenye ripoti ambazo Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, huzitoa katikati ya mwaka: vifo tangu 1 Januari hadi leo, vikilinganishwa na kipindi kama hicho mwaka uliopita. Vifo vya mwaka 2024 vilivyotangazwa vilikuwa 4,748, kutoka 4,324 mwaka 2023, na hapo miaka yote miwili imekwisha, unaweza kuiweka pamoja. Ripoti ya katikati ya mwaka ni jambo jingine. Ajali za wiki iliyopita hazijatimiza siku zake 30. Wapo ambao leo ni majeruhi na wiki ijayo watakuwa marehemu, ilhali safu ya mwaka jana imekwisha kutulia. Kwa hiyo tarakimu ya mwaka huu huelekea kuwa ndogo kuliko itakavyokuja kuwa, hata kama barabara hazijabadilika kwa lolote. Waziri akisema vifo vimepungua kwa asilimia mbili, muulize kwanza hesabu ilifungwa lini.

Kuna upande mmoja ambao si wa wataalamu hata kidogo. Ukiwa na ndugu aliyeumia kwenye barabara kuu, akalazwa Nairobi na kufariki, ile rekodi ya Makueni au Nakuru inakuhusu. Abstrakti ya polisi, ile karatasi ambayo kampuni ya bima na wakili wataiomba kabla ya kitu kingine, hutolewa kutokana na ile OB. Ikiwa bado inasema ameumia, utakuwa unadai fidia ya marehemu kwa karatasi inayosema yuko hai. Chukua namba ya OB mapema, mgonjwa angali wodini. Msiba ukitokea, mtu mmoja wa familia arudi kwenye kituo kilichoandika ajali, si kituo kilicho karibu na hospitali, akiwa na nakala ya kibali cha mazishi na ripoti ya uchunguzi wa mwili, aombe rekodi ibadilishwe kabla ya kuchukua abstrakti. Na hapa siku 30 hazina nguvu: hata aliyekufa baada ya miezi miwili, familia yake ina haki ya kuonyesha kwamba ajali ile ndiyo iliyomuua, bila kujali takwimu zimemweka safu gani.