"Nimeicheki, imekubali": dhana potofu kuhusu testi

Jamani, nimeletewa tena marekebisho ya bagi (kosa kwenye programu) hayana hata testi moja (programu ndogo inayojaribu yenyewe kama kitu kinafanya kazi), nauliza testi iko wapi najibiwa "nimeicheki kwenye simu yangu, imekubali". Hii ndo inanichosha kuliko zote. Sawa imekubali leo, ila nani ataicheki siku mwenzako akigusa fanksheni hiyohiyo (kipande cha programu chenye kazi yake) na hajui kama iliwahi kuleta shida?

Chukua namba za simu za Kenya. Kama kodi yako (yale maandishi ya programu) inakubali zinazoanza na 07 peke yake, zile za 01 zilizoingia 2019 inazikataa, unarekebisha, zinapita, umemaliza. Baadaye mtu anaongeza +254, anaandika upya ule mstari, 01 zinagoma tena kimyakimya na mteja ndo anakuja kuwaambia. Testi ya mistari mitatu, inayoipa fanksheni namba ya 0110 na kudai ikubaliwe, ingemshtua kabla hajapandisha kitu. Watu wa SQLite, ile programu ya kuhifadhi data, hii kwao ni sheria kabisa, bagi haihesabiki imeisha mpaka iwe na testi inayoifichua.

Na tafadhali andika testi KABLA ya kurekebisha. Irun, uione imefeli, na ifeli kwa sababu ya bagi yenyewe sio kwa sababu umekosea jina la faili, hapo ndo urekebishe. Testi ambayo hujawahi kuiona ikifeli utajuaje inapima kitu?

Wengine wanasema "nimegusa mstari mmoja tu". Februari 2014 Apple walilazimika kutoa apdeti ya haraka ya iPhone, mstari mmoja wa goto (amri ya kuruka kwenda sehemu nyingine ya kodi) ulijirudia kwenye kodi ya SSL, ile inayolinda mawasiliano ya mtandaoni, na ukaguzi wa saini ukawa unarukwa. Mstari mmoja!

"QA wapo". QA, yule anayeijaribu programu kabla haijatoka, anaona skrini, haoni fanksheni yako inafanya nini ikipewa namba tupu.

"Testi zinachelewesha". Kutafuta bagi ileile mara ya pili usiku, mteja yuko kwenye simu, ndo kunachelewesha.

"Testi zote ni kijani (zimepita) kwahiyo hakuna bagi". Hapana, Dijkstra, yule mwanasayansi wa kompyuta, alishasema zamani, testi zinaonyesha bagi ipo, haziwezi kuonyesha kwamba haipo. Ndo maana kila bagi mpya inadai testi yake.

Na kama umerithi kodi ya miaka mingi haina testi hata moja usijitese kuiandikia yote, anza na fanksheni unayoigusa leo.