Kabla hujarusha picha ya mtuhumiwa kwenye kundi

Uporaji wa injini za boti unatuuma sote hapa Kigoma, na hasira ya mvuvi aliyevamiwa usiku ziwani naielewa. Ila kama wakili, naogopa sana kinachofuata: polisi wanamkamata mtu, na kabla ya adhuhuri picha yake imezunguka Kibirizi, Gungu hadi Ujiji, imeandikwa "Mwizi ndiye huyu."

Tazama inavyoharibu ushahidi. Tukio lilikuwa gizani, kwa hiyo polisi wanaandaa gwaride la utambuzi. Mtuhumiwa anapangwa mstari mmoja na watu wanaoshabihiana naye, shahidi anapita, anamgusa anayemtambua. Siku ya kesi wakili wa utetezi anauliza swali moja tu: "Kabla ya gwaride, uliiona picha ya mshtakiwa kwenye simu?" Shahidi akijibu ndiyo, gwaride limepoteza thamani. Tangu shauri la mwaka 1980 la mtu aitwaye Waziri Amani, Mahakama ya Rufani inasisitiza kuwa utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu mno, usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Basi mhalifu anaachiwa. Au, jambo linaloninyima usingizi, asiyehusika anaguswa kwa sababu sura yake ilishazoeleka kwenye WhatsApp, na unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake haipungui miaka 30 jela.

Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Kanuni ya Adhabu nayo inalifanya kosa la kuidharau mahakama andiko lolote linalopotosha shauri linaloendelea, au linaloweza kumfanya mtu aelemee upande mmoja. Ukisambaza habari unayoijua ni ya uongo kwa nia ya kudanganya, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote.

Hujazibwa mdomo. Mahakama ni ya wazi. Andika nani kapandishwa kizimbani, kwa shtaka gani, kesi imeahirishwa hadi lini. Ila akiwa ni mtoto, jina na sura yake viache kabisa.

Na kama una video ya tukio lenyewe, mpelekee mpelelezi wa kesi, wala usiifute kwenye simu iliyoirekodi, kwani huenda ukaitwa kuitolea ushahidi.